Msichana wa Mahame: Maisha ya Francesca Woodman

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahariri waliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, nilichelewa kujiandikisha. Kufika kwenye ubao wa matangazo, lo! Marais wamechukuliwa, wakimbiaji wamechukuliwa, na washairi wa pwani wamegawanwa wote na Kidato cha Nne. Nikabaki mikono mitupu kama mtu aliyekosa matatu ya mwisho.

Ndipo nikakumbuka kitabu fulani cha picha kilicho maktabani kwetu, katika lile rafu la vitabu vya msaada ambalo halifunguliwi na mtu. Jalada lake limechanika. Nilikuwa nimekifungua siku moja ya mvua nikingoja ianuke niende nyumbani. Ndani mlikuwa na picha ya chumba kibovu, rangi imebambuka ukutani, takataka zimejaa sakafuni, na chini ya dirisha kitu kama moshi. Nikasema moyoni, huyu naye alipiga picha moto wa taka? Nikaitazama tena. Ule moshi ulikuwa na mguu, na mguu ulikuwa na kiatu. Tangu siku hiyo sikutulia hadi nilipojua ni mguu wa nani.

Ni mguu wa Francesca Woodman. Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1958 mjini Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani, akalelewa katika mji wa karibu uitwao Boulder. Baba yake, George Woodman, alikuwa mchoraji na mwalimu wa chuo kikuu. Mama yake, Betty Woodman, alikuwa mfinyanzi, na msidhani nasema vyungu vya kupikia maharagwe tu. Vyombo vya mama huyu vilipata sifa hata mwaka 2006 jumba la Metropolitan Museum la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Kaka yake Charles naye alikuja kuwa msanii wa video. Kwa hivyo katika nyumba hiyo kazi ya sanaa ilikuwa kama kilimo katika nyumba zetu. Hakuna aliyeuliza kama utalima au hutalima. Swali lilikuwa tu utapanda nini.

Familia hiyo iliipenda sana Italia. Francesca alisoma huko mwaka mmoja wa shule ya msingi akakijua Kiitaliano, na baadaye wazazi wake wakanunua nyumba ya shamba mahali paitwapo Antella, karibu na Florence, wakawa wanakwenda huko kila likizo ya kiangazi. Mtoto aliyezunguka katika makanisa na majumba ya kale ya Florence, akiona malaika waliochorwa kutani na sanamu za wanawake wanaobeba mapaa kwa vichwa vyao, hawezi kukua kama mtoto ambaye ameona kalenda ya duka pekee. Nitawarudia hao malaika na wabeba mapaa baadaye, kwani walimfuata maisha yake yote.

Mwaka 1972 alipelekwa shule ya bweni ya wasichana iitwayo Abbot Academy, mbali sana na kwao, katika jimbo la Massachusetts. Huko ndiko alikoanza kupiga picha kwa dhati. Baba yake alikuwa amempa kamera ya Yashica, ya aina ile ambayo hutoa picha za mraba. Wazee wetu waliokuwa na studio wanaijua kamera hii: huiinui machoni, bali waishika kifuani na kuinamisha kichwa kana kwamba unachungulia kisima. Filamu yake moja hutoa picha 12 tu. Sisi wa siku hizi tunaopiga picha 40 za sahani moja ya chipsi kwa simu, hebu tufikirie hizo 12.

Katika picha mojawapo ya kwanza kabisa, ambayo aliipa jina la kusema kwamba alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameketi kwenye mwisho wa benchi, amevaa sweta nzito, uso ameugeuza upande na nywele zimeufunika wote. Mkono mmoja ameunyosha kuelekea kwenye kamera, ameshika waya wa kufyatulia picha, na ule waya unakuja hadi mbele ukiwa mnene na wa ukungu. Mtazamaji haoni uso hata kidogo. Anaona mkono unaofanya kazi. Mimi nina miaka kumi na sita, na kama ningepewa kamera leo jambo la kwanza ningepiga uso wangu, tena ule upande usio na chunusi.

Alipomaliza sekondari mwaka 1975, aliingia chuo cha sanaa cha Rhode Island School of Design, katika mji wa Providence. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo penyewe.

Providence ulikuwa mji wa viwanda vya zamani, na nyumba nyingi zilikuwa zimeachwa. Kiswahili kina neno zuri sana kwa mahali kama hapo: mahame. Ni mahali palipohamwa. Francesca alipata nyumba moja ya namna hiyo, iliyohamwa kabisa, akaifanya studio yake. Katika mwaka wa 1975 na 1976 alipiga humo picha ambazo leo zinajulikana kwa jina la nyumba tu, pamoja na nyingine alizoziita kwa neno la nafasi. Vyumba vilikuwa vitupu. Karatasi za mapambo zilizokuwa zimebandikwa ukutani zilikuwa zimebambuka zikaning'inia kama ngozi ya nyoka, na plasta ilikuwa imeanguka. Katika picha moja amesimama kati ya madirisha mawili, ameshika vipande vikubwa vya karatasi hizo na kujifunika navyo, hata ukitazama haraka utadhani ukuta umeota miguu. Katika nyingine ameingia nyuma ya kiunzi cha meko ya kuotea moto kilichong'olewa kikaegemezwa ukutani, amejipenyeza humo kama mtoto anayecheza kibemasa. Na ile ya tatu ndiyo ile ya moshi na kiatu niliyoiona mimi, amejikunyata chini ya dirisha.

Kwa nini moshi? Nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, na sasa nawaeleza nilivyoelewa. Nyumba iliyohamwa haina umeme. Mwanga ni ule wa dirishani tu, nao ni haba. Ili filamu ishibe mwanga, kijilango cha kamera hakina budi kukaa wazi muda mrefu, pengine sekunde nzima au zaidi. Katika muda huo kila kitu kilichotulia, yaani ukuta, dirisha, mlango, hata msumari, kinajichora vizuri. Lakini mtu akitikisika, mwanga wake unatawanyika kwenye filamu na anatoka kama ukungu. Ndiyo sababu mpiga picha wa mjini kwetu huwaambia watoto wasitikisike. Francesca alitikisika kwa makusudi. Alijua ni sehemu gani ya mwili aitulize na ni ipi aitikise. Mguu alioutuliza ukatoka na kiatu chake, na kichwa alichokizungusha kikawa wingu. Jambo hilo si bahati nasibu. Linataka stendi ya miguu mitatu, hesabu ya sekunde, na kurudia mara nyingi, na kumbukeni kwamba hakuwa na kioo nyuma ya kamera cha kumwonyesha matokeo. Ilibidi aende kwenye chumba cha giza, asafishe filamu, ndipo ajue kama alipata au alikosa.

Nilijaribu. Ndiyo, nakiri hapa mbele ya walimu. Nyuma ya soko la kwetu kuna gofu moja la nyumba ambalo watu husema lina mashetani, na mama ameniambia tangu nikiwa darasa la tatu nisikatize pale hata kama nimechelewa shule. Niliazima simu ya mjomba siku ya Jumamosi, nikaiegemeza kwenye tofali, nikaweka ile saa ya kujipiga, nikakimbilia ukutani. Mara ya kwanza nikatokea mgongo tu. Mara ya pili nikatokea nikicheka kama mtu aliyeshikwa akiiba maembe. Mara ya tisa nilitulia miguu nikatikisa kichwa, na simu, ambayo ina akili kupita mimi, ikafyatua upesi mno na kunitoa nikiwa safi kabisa na mdomo wazi. Sikukutana na shetani hata mmoja, ila viroboto niliwakuta. Mama alijua nilikokuwa kwa sababu ya viroboto hao. Sitaeleza yaliyofuata. Lakini nilijifunza jambo moja ambalo kitabu hakikuniambia: ukiwa peke yako katika nyumba isiyo ya mtu, unaanza kusikia jinsi unavyopumua, na unauangalia ukuta kwa namna ambayo hujawahi kuangalia ukuta wa kwenu.

Watu walimwuliza Francesca kwa nini anajipiga picha mwenyewe kila mara. Wengi walitaka jibu la kifalsafa. Jibu lake lilikuwa la mtu wa kazi: kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepatikana wakati wowote akihitajika. Marafiki zake nao walijitokeza katika picha nyingi, na si kila mwili unaouona humo ni wake. Na kwa kuwa mwalimu mlezi wa chama atasoma haya kabla yenu, naongeza kwamba katika picha zake nyingi watu hawana nguo, kama ilivyo katika sanamu na michoro mingi ya kale ya Italia. Mimi nimeshughulika na zile ambazo jarida hili linaweza kuzitaja.

Picha moja ya Providence ya mwaka 1976 siwezi kuiacha. Ameketi kwenye kiti pembeni mwa chumba, anaitazama kamera. Mbele yake, sakafuni, kuna alama nyeusi ya mwili wa mtu aliyelala, na pembeni yake kote kumetapakaa weupe. Yaani mtu alilala hapo, akanyanyuka, akaenda kuketi, na umbo lake likabaki chini. Ukiangalia kiti unamwona, ukiangalia sakafu unamwona tena, lakini hapo chini ni yule wa dakika chache zilizopita. Alifanya pia video chache chuoni kwa mchezo kama huo wa alama za mwili. Wanaozitazama hushangaa kuona kwamba baada ya jaribio kufaulu yule msichana anafurahi waziwazi, kama yeyote wetu aliyepata hesabu ngumu.

Mwaka 1977 chuo chake kilimpeleka Roma kwa mwaka mmoja wa masomo. Kwa vile alijua Kiitaliano hakujifungia na Wamarekani wenzake. Alipata marafiki katika duka la vitabu vya zamani lililoitwa Maldoror, mahali ambapo wasanii vijana walikutana, na mwezi wa Machi 1978 wenye duka wakamfanyia maonyesho humo humo. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Na mahame? Aliyakuta hata Roma. Katika mtaa wa San Lorenzo kulikuwa na kiwanda cha tambi kilichofungwa, kinachoitwa Pastificio Cerere, nacho akakipigia picha zake. Aliendelea pia na picha za malaika alizokuwa amezianza Providence. Malaika wake hawana mabawa ya kukodi kama ya mchezo wetu wa Krismasi. Katika picha moja ya Roma mabawa ni shuka nyeupe mbili zilizotundikwa kwenye chumba kikubwa kibovu, na yeye anaruka mbele yake.

Alimaliza chuo, na mwaka 1979 akahamia New York kutafuta maisha. Hapa mambo yakawa magumu. Alitaka kazi ya kupiga picha za mavazi kwa magazeti, akapeleka kazi zake huku na huku, na milango haikufunguka. Siku hizo picha hazikuhesabiwa kuwa sanaa na watu wengi wa masoko ya sanaa, sembuse picha ndogo za msichana wa miaka 21. Hata hivyo hakuketi. Kiangazi cha 1980 alipata nafasi katika kambi ya wasanii ya MacDowell, huko New Hampshire, na akapiga picha msituni, mikono yake ameivika magome meupe ya miti hata huwezi kujua mkono unaishia wapi na mti unaanzia wapi. Mwaka huo huo alifanya kazi yake kubwa kuliko zote, hekalu la Kigiriki lililotengenezwa kwa picha za rangi ya samawati kwenye karatasi zile wanazochorea ramani za nyumba. Nguzo za hekalu hilo ni wanawake waliosimama wakibeba paa. Mnawakumbuka wale wabeba mapaa wa utotoni? Ndio hao.

Kisha kuna kitabu chake, ambacho kitawafurahisha wanaochukia hisabati. Italia alikuwa amepata madaftari na vitabu vya shule vya zamani, kimojawapo cha mazoezi ya jometri. Alichukua picha zake akazibandika juu ya kurasa hizo, katikati ya pembetatu na mistari, akaandika maneno pembeni kwa mkono wake. Ukurasa una somo la jometri, na picha inaonyesha msichana na kioo. Kilichapishwa Januari 1981 na kampuni ndogo ya Philadelphia, kwa jina linalosema kwamba hii ni jometri ya ndani iliyovurugika. Katika maisha yake ndicho kitabu chake pekee kilichotoka.

Tarehe 19 ya mwezi huo huo wa Januari 1981, Francesca alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 22.

Nilifikiria sana kama niandike sentensi hiyo, na mwalimu akasema niiandike, kwa kuwa ni kweli. Alikuwa akiugua kwa miezi, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomshika mtu akili na mwili, na alikuwa akitibiwa, na wazazi wake walikuwa karibu naye. Wapo wanaotaja sababu moja: eti kazi, eti mapenzi, eti pesa. Mimi naona huko ni kubahatisha. Nina jamaa aliyeugua vivyo hivyo, hata tukawa tunanong'ona nyumbani kana kwamba ni aibu. Alipelekwa hospitalini, akatibiwa, ikachukua zaidi ya mwaka. Leo anauza mitumba na anatushinda wote kwa kucheka. Kila nikifungua kile kitabu namfikiria yeye, na nahesabu Francesca angekuwa na miaka mingapi.

Baba na mama yake walihifadhi kila alichoacha: picha zipatazo 800, madaftari, na negativu nyingi mno. Mwaka 1986 chuo cha Wellesley na chuo cha Hunter vilimfanyia maonyesho, na hapo ndipo watu walipoanza kumjua. Kuanzia 2011 maonyesho yake yalikuwa San Francisco, na mwaka 2012 yakahamia Guggenheim, New York. George Woodman alifariki 2017 na Betty Woodman mwanzoni mwa 2018. Wote wawili waliishi kuona jina la mtoto wao likitajwa mara nyingi kuliko majina yao.

Sasa, ugomvi wangu. Wengi wanaoandika juu yake husema kwamba zile picha za moshi zilikuwa ishara, kwamba msichana alikuwa anajifuta, anaaga. Nakiri kwamba hata mimi nilipojua mwisho wake nilirudi kwenye ile ya kiatu nikasikia baridi mgongoni. Lakini fikirini. Picha hiyo aliipiga akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, karibu miaka mitano kabla. Alikuwa amebeba stendi na kamera hadi nyumba mbovu, amehesabu mwanga, amepanga mguu ukae wapi, na filamu ina nafasi 12 tu. Mtu anayejifuta hafanyi kazi ngumu hivyo ili aonekane. Tena picha zake zina utani mwingi kwa anayetaka kuuona. Kuzisoma zote kuanzia siku ya mwisho kurudi nyuma ni kama kusoma riwaya ukiwa umeanza na ukurasa wa mwisho, halafu ukasema kila mhusika aliyekohoa katika sura ya kwanza alikuwa anatabiri.

Mwalimu wa Kiswahili hakukubaliana nami. Alisema msanii huweza kusema asilolijua mwenyewe. Tulibishana hadi kengele ikalia, na bado hatujamaliza.

Mwaka 2024 jumba la National Portrait Gallery la London liliziweka picha za Francesca pamoja na za Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Kiingereza aliyeishi zaidi ya miaka mia moja kabla yake na ambaye pia alipenda ukungu na malaika. Picha nyingi za Francesca ni ndogo, hazizidi ukubwa wa ukurasa wa daftari letu la mazoezi. Huwezi kuziona ukiwa umesimama mbali katikati ya ukumbi. Unalazimika kusogea, mmoja mmoja, hadi pua ikaribie kioo, na ndipo kiatu kinapoonekana.